Kicheko cha Mtu wa Tano

1

Jumapili ile, saa kumi kasoro robo alasiri, Nyamizi Lugendo alifunga mlango wa jiko lake pale Tabora, akafunga na dirisha, akavaa utepe kichwani, akaketi kuwasubiri watu wanne. Watatu kati yao walikuwa hai.

Wa kwanza kuingia alikuwa Hoza wa Kilosa, kama kawaida yake. Nyamizi alimjua kabla hajatamka neno, maana utepe hauleti sauti peke yake, unaleta na mwili. Hoza akifurahi, wewe uliye Tabora unasikia vuguvugu nyuma ya shingo, kana kwamba umelipa jua kisogo. Adelina wa Bukoba akishtuka, vidole vyako vya miguu vinajikunja. Matiku wa Tarime ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zake hukaa kwenye meno. Miaka kumi na minne walikuwa wakikutana hivyo kila Jumapili. Hawakuwahi kupeana mikono hata siku moja, lakini ungewatupa gizani katikati ya watu elfu, wangechomoana mmoja mmoja.

"Haya, wana gereji," Hoza alisema. "Nani kafa, nani kapona?"

Ndiyo iliyokuwa salamu yake ya kila wiki. Nyamizi aliuma ulimi.

"Mimi nimepona, ila mgongo," alisema Matiku.

"Mgongo wako una umri wa kupiga kura sasa, uachie uende zake. Adelina, mwanangu?"

"Nipo, mzee. Nilikuwa nakata kitambaa, mteja kanikalia kooni."

"Na bibie wa Singida?"

Nyamizi akabonyeza swichi ya pili chini ya meza. Kicheko chepesi kikawagusa wote chini ya ubavu wa kushoto, mahali pake palepale pa siku zote. Bi Tausi Mnyampala hakuwa na sauti. Madaktari waliiondoa pamoja na uvimbe wa koo, mwaka wa nane wa kijiwe chao, na tangu hapo kicheko cha ubavuni kilikuwa ndiyo hodi yake, ndilo jibu lake, ndiyo kwaheri yake.

"Ahaa, yupo," Hoza alisema, na vuguvugu la shingoni likapanda.

Nyamizi akawasha kanda.

Walichokuwa wakikipenda watu hawa ni mchezo mmoja wa redio, Gereji ya Mapunda, sehemu hamsini na mbili, uliorushwa kabla hata Nyamizi hajazaliwa na kusahauliwa na dunia nzima isipokuwa wao. Kila Jumapili sehemu moja. Mwaka ukiisha, wanaanza tena mwanzo. Na Jumapili ile ilikuwa ya sehemu ya thelathini na moja, ile yenye pengo.

Kanda ya sehemu hiyo iliungua katikati. Mgeni asiyejulikana analeta gari bovu, analiacha, anaondoka. Zamda, mke wa fundi Mapunda, anafungua boneti. Anasema, "Mapunda, njoo uone." Halafu dakika tisa za kimya. Kanda inaporudi, gari halipo, mafundi wote wanalia, na Zamda anasema, "Basi, tule." Hakuna mtu duniani anayejua kilichokuwa ndani ya boneti ile. Walioandika walikwisha kufa, walioigiza walikwisha kufa.

Kwa hiyo kijiwe kilikuwa na desturi. Kila mwaka mmoja wao huwavusha wenzake dakika zile tisa kwa hadithi yake mwenyewe. Hairudiwi, hairekodiwi, na wala haipigiwi kura ipi ni bora. Mwaka uliopita alivusha Matiku: ndani ya boneti mlikuwa na kuku amelalia mayai juu ya betri, na Mapunda anakataa kumtoa mpaka yaanguliwe. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Hoza, na kwa kuwa Hoza ndiye mcheshi wao, kila mtu alikwisha kujishika mbavu mapema.

"Mapunda, njoo uone," ikasema kanda. Kimya kikaingia.

Hoza alipoanza, sauti yake ilikuwa chini.

"Mapunda akaja. Hakuona ubovu wowote. Injini safi kabisa. Ila pembeni ya rejeta, kimefungwa kwa waya, palikuwa na kiatu cha mtoto. Kimoja. Cha mguu wa kushoto. Zamda akakigusa, akakiona kina joto, maana injini ilikuwa bado haijapoa, akadhani... unajua mama anavyodhani. Akadhani mguu ndio kwanza umetoka humo."

Miaka kumi na minne Hoza aliwachekesha mpaka wakaomba maji, na haikumtokea hata mara moja kusema kwamba alipata kuwa na mtoto. Sasa hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mkono wa Nyamizi ulikuwa juu ya meza. Tangu asubuhi alijikumbusha jambo moja tu: kanda ikifika kwenye pengo, zima swichi ya pili. Alilirudia hata akiosha vyombo. Na alilisahau, kwa sababu alikuwa anasikiliza.

"Mapunda akasema, mke wangu, hiki kiatu nakijua. Nilikishona mwenyewe..."

Chini ya ubavu wa kushoto, wote wanne, kikawapiga kicheko. Si kile chepesi cha hodi. Kilikuwa kile kikubwa cha Bi Tausi, cha kushika ukuta, kinachokwenda na kurudi na kuanza upya.

Hoza akanyamaza.

Kicheko kikaendelea peke yake ndani ya kimya kile, kikafika kileleni, kikashuka, kikapanda tena kumcheka kuku wa mwaka jana. Nyamizi akaipapasa swichi, akaizima.

"Bi Tausi," Hoza alisema taratibu. "Nimesema nini cha kukuchekesha?"

2

Bi Tausi alikuwa na miezi minane kaburini.

Mwezi wa Desemba mpwa wake alituma kifurushi kwa basi: utepe wa marehemu umezungushiwa kanga, na karatasi yenye mistari miwili. Nyamizi alikipokea pale stendi, akasoma amesimama, akalia amesimama. Wiki hiyohiyo Mamlaka ya Kumbi ikaleta ujumbe wake wa kila mwaka. Kijiwe chochote chenye mitikisiko chini ya mitano, yaani hisia za watu watano zinazosafirishwa na utepe, kitafungwa, na mali yake ya kusikilizwa itahamishiwa Ukumbi Mkuu.

Nyamizi aliijua Kanuni ya Watano kuliko wale walioitunga. Ilipoletwa, yeye aliyeishia darasa la saba alisimama sokoni na kipaza sauti cha kuazima siku kumi na moja mfululizo, akiisoma kifungu kwa kifungu, watu wakimpita na vikapu vyao kama wanaompita mwendawazimu. Hakusahau sura ya hata mmoja. Wala hakuwasahau waliomezwa. Wale mama wanne wa Newala na kipindi chao kimoja cha kupika mhogo. Wale wazee watatu wa Ukerewe waliokuwa wakisikiliza kila mwaka matangazo ya mechi moja ya mpira, sare ya bila kwa bila, tena wakiijua kila pasi. Ukumbi Mkuu ulipoichukua mechi ile, wasikilizaji walipiga kura, na mechi ikapata bao dakika ya themanini na tisa. Sauti ya mtangazaji ikatengenezwa upya, ikapiga kelele ya bao ambalo halikufungwa. Wazee wa Ukerewe walipolalamika waliambiwa kwamba asilimia tisini na nne wamefurahi.

Ukumbini kwenyewe Nyamizi aliwahi kuingia, mara moja, ili asije akaambiwa anachukia asichokijua. Watu milioni kumi na moja walikuwa wakisikiliza tamthilia moja, na mitikisiko yao yote ikichanganywa na kugawiwa sawa kwa kila mmoja kama uji wa msibani. Alilia pale, na ilikuwa tamu, asiseme uongo. Alipovua utepe hakujua amelia machozi ya nani.

Basi mwezi ule wa Desemba aliifungua mashine yake kwa bisibisi. Ujuzi huo alijifundisha mwenyewe, kwa kuunguza mbili kabla ya hiyo. Ndani ya utepe wa Bi Tausi zilikuwamo nyayo zake zote, maana utepe huweka alama ya kila ulichohisi na dakika yake. Alichukua nyayo za mwaka uliopita, akazipanga Jumapili kwa Jumapili. Kanda ni ileile, utani ni uleule, na mtu anayependa kitu hucheka mahali palepale kila mwaka. Nani angejua? Jumapili thelathini na nne hakuna aliyejua.

Siku ya Jumatatu Hoza alipiga simu.

"Nyamizi, mdogo wangu, niambie ukweli. Nilimkosea?"

"Hapana, kaka. Ni utepe wake. Una hitilafu, unachelewesha mitikisiko. Nitamwambia autume niutazame."

"Kumbe. Unajua, ile hadithi niliiweka miaka ishirini na tatu. Hata mke wangu, Mungu amrehemu, sikumsimulia hivyo. Nikasema nikiisema pale, yupo yule mama asiye na sauti, ataipokea vizuri. Halafu akacheka."

"Hakukucheka wewe."

"Naamini. Ila usiku silali nikikisikia. Nimekata tiketi ya treni, ya Jumatatu ijayo, mpaka Manyoni, kisha basi mpaka Singida. Miaka kumi na minne, Nyamizi! Acha nikamwone uso wake, nimwulize kwa mdomo wangu, anijibu hata kwa kuandika. Usimwambie. Nataka kumshtukiza."

Nyamizi akasema vema, kaka. Kisha akakaa na simu iliyokatika sikioni, mpaka maharage jikoni yakaanza kunuka moshi.

3

Siku ya Alhamisi alikuja mtu wa Mamlaka mwenyewe, Bwana Lwitiko, kijana mrefu mwenye shati lililonyooshwa na adabu zake zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umekuja kufunga, nitafutie kwanza aliyekutuma tufunge naye."

Lwitiko akacheka, akaomba maji, akanywa. Akaweka kibao chake cha kioo juu ya meza, penye mistari mitano. Minne ilikuwa imekatikakatika kama nyuzi za mvua. Wa tano ulifanana na wenyewe wa mwaka uliopita, nukta kwa nukta.

"Huyu wa tano amefariki," alisema.

Nyamizi akaichukua bilauri aliyonywea, akaanza kuiosha.

"Mama, sikuja kukukamata. Kanuni inasema mitikisiko mitano, haikusema roho tano. Mradi wanachama wote wametia sahihi kwamba wanajua na wameridhika. Mmoja akikataa, tunafunga. Nyie mkiwa hamjatia sahihi na hakuna aliyelalamika..." Akaugeuza uso wa kibao chini. "Mimi sijaona kitu."

"Mnaruhusu maiti?"

"Ukumbi Mkuu theluthi moja ni nyayo. Wengine walikufa miaka kumi iliyopita. Hakuna msikilizaji hata mmoja aliyewahi kulalamika."

Alilisema kama jambo jema, na pengine kwake lilikuwa jema. Nyamizi alimtazama. Milioni tatu na nusu ya watu wamekufa, na mtu aliyekaa nao bega kwa bega hajageuza hata shingo. Na hapa kwake kicheko kimoja, dakika moja mahali pasipo pake, kimemfanya mzee wa Kilosa asilale.

"Unatuona wabaya," Lwitiko alisema. "Baba alipofariki, mama yangu alinyamaza mwaka mzima. Nikamvalisha utepe, nikamwingiza Ukumbini. Sasa hivi anaimba akipika."

"Anamwimbia nani?"

"Anaimba tu, mama. Si lazima kuwe na mtu."

Miezi minane Nyamizi naye aliketi humu akipigwa ubavuni na kicheko cha mtu asiyekuwepo, na kilimfariji. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa ameujenga Ukumbi Mkuu mdogo, jikoni kwake, kwa mikono yake.

"Jumapili nitahesabu tena," Lwitiko alisema mlangoni. "Wakiwa watano, tutaonana mwakani."

Angeweza kunyamaza. Angempigia Hoza amwambie mgonjwa amehamishiwa mbali, asisafiri. Uongo wa pili, kisha wa tatu. Kijiwe kingeishi. Na akisema, Gereji ya Mapunda ingekwenda Ukumbini, na watu milioni kumi na moja wangeamua kwa kura kilichokuwa ndani ya boneti.

4

Jumapili Hoza aliingia wa kwanza.

"Haya, wana gereji. Nani kafa, nani..."

"Bi Tausi," Nyamizi alisema.

Hakuna aliyecheka. Adelina alikuwa ndiyo kwanza anaingia, na vidole vya miguu vya wote vikajikunja.

"Amekufa, kaka Hoza. Desemba. Koo lilimrudia. Mliyekuwa mnaketi naye ni nyayo zake za mwaka jana, niliziweka mimi, ili tuwe watano. Jumapili ile alikuwa anamcheka kuku. Nilitakiwa nimzime kwenye pengo, nikasahau."

Ikawa kama kanda imeungua tena, ila safari hii hakuna mwenye zamu.

Meno ya Nyamizi yakaanza kuuma, ni Matiku. Lakini Matiku aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea njia. "Kwa hiyo kile kicheko chote... kilikuwa cha kuku wangu?"

"Chako, Matiku."

"Alimpenda yule kuku," Matiku alisema, na meno yakaacha kuuma.

Nyamizi akawaeleza sahihi za Lwitiko. Wakitia wote, kijiwe kinabaki. Mmoja akikataa, kinafungwa leo leo. Alijilazimisha asiombe chochote. Miaka yote alikuwa mtu wa kushawishi, na kushawishi kulimwasha ulimi kama pilipili.

"Mimi natia," alisema Matiku. "Maiti hana ubaya na mtu."

"Mimi shangazi sijui," Adelina alisema. "Nina miaka thelathini na mitatu. Mgongo wa Matiku huo. Mzee Hoza ana sitini na saba. Wewe je? Mtakwenda mmoja mmoja, na kila anayekwenda nitamwekea nyayo. Siku moja nitakuwa nimekaa na nyinyi wanne, nyote mmecheka mahali penu, na Mamlaka itahesabu watano. Nitamwambia nani kwamba nimebaki peke yangu? Bora Ukumbini. Kule angalau sitawajua."

Nyamizi alitaka kumkaripia, kama alivyowakaripia wote waliowahi kumwambia neno hilo. Badala yake akamwita wa mwisho.

"Kaka Hoza?"

"Alikufa siku gani?"

"Jumanne."

"Tulikuwa tumefika sehemu ya ngapi?"

"Arobaini na tisa."

"Kwa hiyo mwaka ule hakuumaliza." Hoza akakohoa. "Na mimi mwaka huu wote nilikuwa natayarisha utani wa kumchekesha. Kila asubuhi nikinyoa ndevu nilikuwa najaribu mmoja. Nikisema, huu utamfika. Na ulikuwa unamfika, Nyamizi! Nilijua nikisema neno, anacheka."

"Ulikuwa unasemea mahali anapocheka siku zote, kaka. Unamjua."

"Namjua. Usiwashe tena. Sitii sahihi. Kicheko kisichonisikia nikifanyie nini?"

Mashine haikungoja zaidi. Sauti yake ya kike, tamu, ya kutengenezwa, ikasema vichwani mwao: "Mitikisiko minne. Kijiwe hiki kitafungwa baada ya dakika kumi. Asanteni kwa mapenzi yenu."

"Mapenzi yenu!" alifoka Matiku. "Mwanaharamu."

"Amezikwa wapi?" Hoza aliuliza.

"Puma, kwao. Mpwa wake yupo pale, nitakupa jina lake."

"Tiketi ninayo. Nitakwenda hivyohivyo. Nitamsimulia yaliyobaki ya kile kiatu, maana sikumaliza."

"Nikufuate, kaka? Kutoka hapa nafika Manyoni kabla yako."

"Hapana."

"Kaka Hoza..."

"Ulikuwa na miezi minane ya kwenda, Nyamizi."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Nyamizi angekuwa na pa kulishika.

Adelina aliaga akilia, akaondoka dakika ya sita. Matiku alisema jambo kwa Kikurya ambalo hakulitafsiri, akavua utepe wake. Wakabaki wawili. Nyamizi alingoja Hoza naye avue. Hakuvua. Alikuwa hasemi, na hakumsamehe, hilo lilikuwa wazi kama mchana; lakini alikaa.

Ndipo kitu kigeni kikaja. Miaka kumi na minne Hoza alikuwa hajapata kuhuzunika mbele yao, kwa hiyo hakuna aliyejua huzuni yake hukaa wapi. Ilikuja viganjani. Ilikuwa nzito, yenye umbo, kama mtu aliyekinga mikono miwili akawekewa kitu kidogo chenye joto, akaambiwa kishike vizuri. Nyamizi akakikinga naye, viwiko juu ya meza, asithubutu kutikisika. Ilikuwa ya mtu mmoja, na aliijua ni ya nani.

Kisha dakika ya kumi ikafika, na viganja vikawa vyepesi.

"Kijiwe kimefungwa," sauti tamu ilisema. "Ukumbi Mkuu unakukaribisha. Wasikilizaji milioni kumi na moja wanakusubiri wewe. Sema ndiyo."

Nyamizi hakusema. Sauti ikarudia mwaliko wake, kwa upole uleule, mara ya pili, ya tatu, ya nne. Nje, jirani alikuwa anaita watoto waje kula, kila mmoja kwa jina lake.